Picha za Mwezini Ni Zetu Pia

Kuna maneno ambayo nimeyasikia hapa Tukuyu mara nyingi mno, na sasa naona niyajibu kwa maandishi. "Mwalimu, mambo ya mwezini yanakuhusu nini? Waachie Wazungu picha zao, wewe tunza migomba yako." Wasemao hivyo ni watu wema, na wengine ni marafiki zangu. Lakini hoja yao ni mbovu, na inatutia hasara.

Mimi hukusanya picha za zamani za safari za anga: picha za karatasi za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, pamoja na kurasa za magazeti ya wakati huo. Nyingi zimetoka kwenye masanduku ya chuma ya wazee wa Rungwe waliorudi kutoka migodi ya Copperbelt, na nyingine kwa walimu waliozibandika darasani.

Nasema ni zetu, na ushahidi ninao. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha Friendship 7, alifuatiliwa na vituo 18, viwili vikiwa juu ya meli. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria, na kingine kilikuwa kisiwani Unguja. Kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi, Glenn alizungumza kwa redio na Unguja. Wapo Wazanzibari waliokipinga kituo hicho, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kilifungwa. Aliyekipenda na aliyekichukia wote wamo katika historia ile.

Nenda Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea uhuru wao. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya sayansi, nasi tunaambiana kwamba hayatuhusu!

Tena itazame ile picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972. Katikati si Marekani wala Ulaya. Ni Afrika, na Madagaska ubavuni. Rungwe imo, hata kama ni ndogo kuliko punje ya ulezi.

Wengine hunijibu: "Sawa, lakini Wamarekani wanazo zote. Za kwako za nini?" Ni kweli, filamu zenyewe zimehifadhiwa Houston, na yeyote anaweza kupata nakala safi kuliko zangu. Lakini Houston hawana mgongo wa picha zangu. Ninayo moja ya Aldrin akiwa amesimama mwezini. Nyuma yake mzee mmoja aliandika kwa penseli majina ya watu saba, na chini yake: "Tulisikia redioni kabla ya kwenda kuchuma chai." Kwa saa zetu, Armstrong alikanyaga mwezi tarehe 21 Julai 1969, karibu saa kumi na mbili asubuhi. Basi mzee yule hakutunga. Watu saba wa mlimani, katika baridi ya Julai, walikuwa mashahidi wa siku ile. Nani mwingine ameyaandika majina yao?

Hapo ndipo ninapogombana na wafanyabiashara wa picha. Siku hizi picha hizi hupigwa mnada London kwa fedha nyingi. Wao hutazama kama kuna namba nyekundu pembeni na chapa ya karatasi ya Kodak nyuma. Mnunuzi mmoja alinitaka niyafute yale maandishi ya penseli, eti yanashusha bei. Nilimwambia kwamba kwangu mimi Aldrin ndiye pambo, na yale majina saba ndiyo mali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu liko mgongoni mwa picha.

Lakini mnunuzi si adui peke yake. Mzee akifa, sanduku lake hufunguliwa, shuka zinagawanywa, karatasi zinawashiwa moto. Zisizochomwa huwekwa kwenye fremu, na unyevu wa Tukuyu unazigandisha kwenye kioo mpaka haziwezi kubanduliwa. Hakuna Mzungu aliyetutuma kufanya hayo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu kuna picha ya namna hiyo, itoe kwenye kioo kabla haijaganda. Itie katika bahasha ya karatasi, ndani ya bati lenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko na ukuta wenye maji. Kisha mwulize babu au bibi, angali hai, aliipata wapi, na siku ile alikuwa na nani. Andika jibu nyuma kwa penseli laini. Watoto wetu wataweza kuuona mwezi katika kitabu chochote, lakini majina ya babu zao hawatayakuta humo.