Neno "Let" na Hila Zake

Katika maneno madogo ya Kiingereza, machache humpoteza msomaji kama "let". Aghalabu mwanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni kuruhusu, na hapo huishia. Lakini "let us go" si kuomba ruhusa. Ni "twende" tu, na "let him come" ni "na aje".

Hatari yenyewe imo katika hati. Kibao cha "To Let" mlangoni chatangaza nyumba ya kupangishwa, kwa maana atendaye "let" ni mwenye nyumba au shamba. Apangaye hutumia "rent", neno ambalo nalo lina visa vyake. Kiswahili hutenga mambo hayo kwa silabi moja: panga, pangisha. Karani aandikaye "I have let a house" akidhani asema amepanga, amejiandika kuwa mwenye nyumba. Tena akiletewa barua isemayo "we must let you go", asifunge mizigo kwa furaha kana kwamba amepewa likizo. Ameachishwa kazi, ila kwa adabu.

Liko na "let" jingine, lenye maana ya kuzuia. Zamani yalikuwa maneno mawili mbalimbali, "lætan" na "lettan". Matamshi yakakaribiana hata yakawa moja. Hili la pili karibu limekufa. Hata hivyo, pasipoti ya Uingereza bado huomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani bila kizuizi. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali panapotakiwa, huitwa "let", nao hupigwa tena.