Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Barabara ya Mkoa wa Iringa: Haki ya Waendao kwa Miguu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Naomba ruhusa nikueleze, kwa kalamu ya mzee aliyesomesha watoto wa Kalenga miaka mingi na ambaye hata leo huenda mjini kwa baiskeli, akiikokota mlimani pumzi zinapomwishia, jambo ambalo nalisikia likinung'unikwa njiani kila alfajiri lakini sijapata kuliona limeandikwa katika waraka wowote wa serikali.

Kutembea kwetu kuna asili yake. Hapo kale Iringa ilikuwa hapa hapa Kalenga, na jina lenyewe latokana na lilinga, ambalo katika Kihehe ni ngome. Ngome hiyo ilikuwa ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hata Wajerumani walipoivunja kwa mizinga mwaka 1894, na muda si mrefu baadaye wakajijengea mji mwingine juu ya kilima, yapata kilomita 15 kutoka kwetu. Mji ulihama, watu wakabaki. Tangu siku hizo soko kubwa, hospitali, mahakama na ofisi zote ziko huko juu, nasi tumekuwa tukizifuata kwa nyayo, wajukuu wakikanyaga walipokanyaga mababu, ila mababu walipita katika njia iliyokuwa yao peke yao, na wajukuu wanapita katika njia ambayo kila chombo chenye injini hujiona kuwa mmiliki wake.

Nikueleze njia hiyo ilivyo saa kumi na mbili asubuhi, wakati ukungu wa Mto Ruaha Mdogo haujapanda. Hutangulia wauza mboga, kina mama wenye matenga ya nyanya na mafungu ya chainizi kichwani, ambao hawawezi kugeuka kutazama nyuma bila kuhatarisha mzigo, kwa hiyo huyajua magari kwa masikio tu. Hufuata wanafunzi, wawili wawili na watatu watatu, kwa kuwa mtoto hapendi kutembea peke yake. Kisha waja wenye baiskeli za mkaa na maziwa, na hawa yafaa niwaeleze kwa kirefu, maana wapimaji wa barabara huwasahau: baiskeli yenye gunia la mkaa kila upande haipandwi, hukokotwa, na mwenye kuikokota husimama ubavuni mwake, hata mtu na chombo chake wakahitaji nafasi inayozidi mita moja. Nafasi hiyo haipo. Ukingo wa lami umemomonyoka mahali pengi ukawa kama ngazi, na chini ya ngazi hiyo ni changarawe inayoteleza, na baada ya changarawe ni mtaro. Basi linapopiga honi nyuma yake, maskini yule hana hiari ila kuchagua kati ya gurudumu na mtaro, na aghalabu huchagua mtaro, na mkaa wake ukamwagika, na kazi yake ya siku tatu ikawa hasara ambayo hakuna daftari la ajali linaloiandika.

Mimi mwenyewe nilichagua mtaro masika ya mwaka juzi. Nilivunjika kifundo cha mkono, na gari lililonisukuma halikusimama. Silitaji, wala kulipiza kisasi si muradi wa barua hii. Lakini nilipokuwa nimelala pale, nikimsubiri mpita njia aniinue, nilijiuliza swali ambalo ndilo lililonishikisha kalamu: njia hii ni ya nani kuitunza, na mwenye kuitunza ananihesabu mimi miongoni mwa watumiaji wake?

Jibu la nusu ya kwanza nalijua, nawe walijua zaidi. Barabara kuu na za mkoa ni dhamana ya wakala wa serikali, TANROADS. Za wilaya, za vijijini na za mitaa ya mjini ni dhamana ya wakala mwingine, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Mgawanyo huo una hekima yake kwa wahandisi, ila mwenda kwa miguu hauoni. Yeye hutoka kwake katika njia ya mmoja, akaingia katika njia ya mwingine, akamaliza safari katika mtaa wa Manispaa uliojaa meza za biashara na mitaro isiyofunikwa, na pale dhamana moja inapokoma na nyingine haijaanza, ndipo anapoachwa bila kando, bila kivuko na bila taa. Dhamana hizo mbili hukutana mahali pamoja, napo ni mezani pako, katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo wewe ndiwe mwenyekiti wake. Ndiyo sababu barua hii haikuandikwa kwa meneja yeyote.

Jibu la nusu ya pili linanihuzunisha. Nimesikia taarifa nyingi za barabara zikisomwa katika mikutano, na ndani yake mna kilomita za lami, idadi ya makalavati na fedha zilizotumika. Sijasikia hata mara moja idadi ya watu waliopita kwa miguu. Kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Kama tungehesabu vichwa badala ya magurudumu, nina yakini kwamba katika njia ya Kalenga asubuhi ya siku ya kazi waendao kwa miguu na kwa baiskeli wangeonekana kuwa ndio umma, na wenye magari kuwa wageni wao.

Tazama majirani zetu wa Mbeya. Barabara kuu ya kwenda Zambia, iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupita katikati ya jiji lao, kutoka Uyole kupita Mwanjelwa hadi Mbalizi, na malori yaendayo Tunduma na Kongo hupenya baina ya wanafunzi na wachuuzi. Sasa sehemu ya Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, inapanuliwa iwe njia nne. Ni neema kwa biashara, wala sitii ila katika neema, lakini bibi aliyekuwa akivuka njia mbili atavuka nne, na kama kivuko chake hakikuwekwa katika ramani tangu mwanzo, kukiongeza baadaye kutakuwa ghali na kutakuja baada ya misiba. Iringa ina bahati kwamba barabara hiyo hupita chini ya kilima, Ipogolo, na kuuacha mji juu. Nasi bado tuna wasaa kabla njia yetu hii ya Kalenga, iendayo Hifadhi ya Ruaha, haijakamilika kwa lami kwa ajili ya watalii, na lami laini, kila dereva ajua, huvuta mguu juu ya mafuta.

Mwendo ndio wenye kuua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwendo wa wastani ukizidi kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kuua huzidi kwa asilimia 4 hivi; na katika watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Tiba yake si lazima iwe ghali. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizungushia shule njia za kando, matuta, vivuko na vizuizi vya kutenga watoto na magari, kazi ndogo ndogo ambazo fundi wa kawaida huziweza, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Kilichofaa Dar es Salaam hakishindwi kufaa Kihesa au Kalenga.

Haja zangu, Mheshimiwa, ni hizi: njia ya Kalenga ipewe kando pande zote mbili, pana kiasi cha baiskeli yenye mzigo na mtu ubavuni mwake, iliyotengwa na magari kwa mawe ya ukingo, nayo ijengwe pamoja na lami isingoje awamu nyingine, kila shule iliyo kando ya barabara iwe na kivuko kilichoinuliwa, na mitaro ya mjini ifunikwe, ili mtembeaji apate mahali pa kuweka mguu.

Kabla ya hayo yote, Bodi iagize hesabu. Kama watumishi ni wachache, tupo sisi. Nina wanafunzi wangu wa zamani, leo watu wazima wenye mwandiko mzuri, waliokwisha kukubali kukaa nami kwenye njia panda ya Kalenga siku tano mfululizo, kuanzia adhana ya alfajiri hadi saa sita mchana, mmoja akihesabu miguu, mmoja baiskeli, mmoja magari. Daftari tumeshanunua. Tunangoja ruhusa yako na tarehe ya kikao ambacho tutalileta.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kalenga