Sindano za Uso kwa Daktari wa Meno

Mwezi huu tumeona vyema tujibu barua ya dada yetu mmoja anayeishi na familia yake Uingereza. Ameomba tusilitaje jina lake, nasi tunaliheshimu ombi hilo.

Dada huyu ana watoto watatu, na kazi yake ni kuwatunza wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Kwa muda mrefu alikuwa akiamka na maumivu ya taya na kichwa, mpaka siku moja gego lake likapasuka alipokuwa akila mkate tu. Daktari wa meno alimweleza kwamba husaga meno akiwa usingizini, akampa njia mbili: kuvaa kikinga cha plastiki kila anapolala, au kudungwa sindano za kulegeza misuli ya taya. Kabla hajainuka kitini akaambiwa kuwa sindano hizo hizo zaweza kuondoa makunyanzi ya paji la uso, na kwamba akifanyiwa yote siku moja atapunguziwa bei.

Anatuuliza mambo matatu. Je, ni salama? Je, ni dhambi? Na je, amwambie mume wake, ambaye hata habari za gego hazijui?

SUMU ILIYOGEUKA DAWA

Dawa hii wengi huiita Botox, ingawa hilo ni jina la biashara la kampuni moja. Ziko nyingine za namna hiyo, kama vile Dysport. Kiini chake ni sumu ya botulinamu, inayotengenezwa na bakteria wanaoweza kuota katika chakula kilichohifadhiwa vibaya. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga mazishini walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa. Wengi waliugua, na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza mabaki ya nyama ile akawapata bakteria wenyewe.

Miaka mingi baadaye Daktari Alan Scott wa San Francisco, mtaalamu wa macho, alionyesha kuwa kiasi kidogo mno cha sumu hiyo chaweza kulegeza msuli unaolivuta jicho upande. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Huko Vancouver, Kanada, Daktari Jean Carruthers alikuwa akiwadunga wagonjwa wa kope, akatambua kwamba ndita za katikati ya nyusi zao zilikuwa zikifutika. Yeye na mume wake Alastair, daktari wa ngozi, walitangaza matokeo yao mwaka 1992. Idhini ya Marekani kwa ndita ilikuja mwaka 2002, na kwa kipandauso cha muda mrefu mwaka 2010. Basi tusidhani kuwa dawa hii ililetwa duniani kwa ajili ya urembo. Tiba ndiyo iliyotangulia.

Kazi yake ni hii. Mshipa wa fahamu hupeleka ujumbe kwa msuli ili ujikunje. Dawa huuzuia ujumbe huo, na msuli hupumzika. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwa muda wa wiki mbili hivi, na kwa kawaida hudumu miezi mitatu au minne. Baada ya hapo msuli huamka tena. Anayetaka hali ile iendelee hurudi kudungwa na kulipa upya, na hilo mama mwenye bajeti ya nyumba hana budi kulipigia hesabu tangu mwanzo.

KWA NINI DAKTARI WA MENO?

Wengine watashangaa mganga wa meno ana haja gani na paji la uso. Lakini yeye amesomea misuli na mishipa ya uso wote, na kudunga sindano ni kazi yake ya kila siku. Nchini Uingereza sheria inamruhusu, kwa kuwa ana mamlaka ya kuandika dawa. Hata hivyo, Baraza la Madaktari wa Meno la huko linamtaka awe amepata mafunzo ya kazi hiyo, na amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia. Isitoshe, dawa hii ni ya kuandikiwa na mtaalamu, na sheria ya nchi ile hairuhusu dawa za aina hiyo kutangazwa kwa watu wote. Ukikuta bango linaloitaja kwa jina na bei yake, jiulize ni sheria gani nyingine wenye mahali pale wanaoipuuza.

Sasa tuje kwenye taya. Weka vidole vyako shavuni, chini ya sikio, kisha uume meno. Utauona msuli ukituna. Huo ndio hudungwa. Ukilegezwa, nguvu ya kusaga hupungua, na wapo wanaopata nafuu kubwa ya maumivu. Lakini dada yetu aelewe kwamba matumizi haya ya taya hayamo katika yale ambayo dawa imeidhinishwa, hata kama daktari anaruhusiwa kuamua hivyo kwa utaalamu wake. Sindano hupunguza nguvu. Haikomeshi tabia ya kusaga. Aidha, msuli unaodungwa mara kwa mara hunywea, na umbo la uso hubadilika. Wengine huona shida kutafuna nyama, au tabasamu huenda upande kwa majuma kadhaa.

Kusaga meno kuna vyanzo vyake: wasiwasi, kahawa nyingi, pombe, tumbaku, baadhi ya dawa za sonona, hata pumzi inayokatika usingizini. Ushauri wetu ni kwamba aanze na kikinga cha plastiki, ambacho huvuliwa kisipofaa, na amweleze daktari wake wa kawaida jinsi anavyolala. Kama maumivu yatazidi, basi azungumzie sindano.

HATARI ZISIZOTAJWA KWENYE PUNGUZO LA BEI

Mama mjamzito au anayenyonyesha asidungwe. Mwenye ugonjwa wa misuli kudhoofika pia asidungwe, na anayetumia dawa yoyote, hasa antibiotiki za sindano, aseme mapema. Madhara ya kawaida ni kuvilia damu, kuumwa kichwa na kope kulegea. Mara chache sumu husambaa mbali na ilipodungwa. Ukiona vitu viwili viwili, ukishindwa kumeza, ulimi ukiwa mzito au pumzi ikikupaa, hata kama siku kadhaa zimepita, nenda hospitali mara moja.

Hatari kubwa zaidi ni dawa bandia na wadungaji wasio na ujuzi. Aprili 2024, wakuu wa afya wa Marekani waliripoti wanawake 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya sindano za bandia au zilizodungwa vibaya, na nusu yao walilazwa. England nayo ilihesabu wagonjwa 38 kati ya Juni 4 na Julai 14, 2025. Kwa hiyo msikubali kudungwa saluni wala sebuleni kwa shoga, iwe Leicester, Nairobi au Dar es Salaam. Ulizeni jina la mdungaji katika daftari la baraza linalomsajili, na muombe kuiona chupa ya dawa kabla haijafunguliwa.

Wenye mabinti nao wasikie: tangu Oktoba 1, 2021, ni kosa nchini England kumdunga kwa urembo aliye chini ya miaka 18, hata mama yake akikubali.

JE, NI DHAMBI?

Kutibu maumivu si dhambi. Luka alikuwa tabibu, na hatusomi kwamba aliacha utabibu alipomfuata Bwana. Kuhusu makunyanzi hatutaki kumtwika mtu mzigo ambao Maandiko hayakumtwika. Sisi nasi husuka nywele na kujipaka mafuta, na hatusemi kuwa uso uliotunzwa ni uso wa kiburi. Twamkumbusha tu jinsi Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese, asichague kwa sura.

Lakini tumesoma barua yake mara mbili, na hakuna mahali aliposema kuwa makunyanzi yake yanamsumbua. Hakuyawaza mpaka alipoambiwa akiwa amelala kitini, mdomo wazi, gego likiuma. Haja hiyo hakwenda nayo. Aliuziwa pale pale. Arudi nyumbani akae mwezi mzima. Kama mwezi ukiisha hajaikumbuka, amepata jibu.

MUME AAMBIWE?

Hapa ndipo barua ilipotugusa. Mwishoni, kwa maneno machache, ameandika kuwa ana deni alilokopa kumlipia mdogo wake ada ya chuo, na mume wake hajui. Deni hilo lina umri wa mwaka mmoja na nusu. Maumivu ya taya, kwa hesabu yake mwenyewe, yana mwaka na miezi michache.

Dada, hatusemi kwamba deni ndilo lililopasua gego lako. Sisi si madaktari wako. Lakini tunakusihi, kabla hujalipia sindano kwa fedha nyingine ambazo mumeo hatazijua, mweleze habari ya deni. Usimweleze unapotoka zamu ukiwa umechoka, wala mbele ya watoto. Chagua siku mnayopumzika wote wawili, uwe na hesabu mkononi: kiasi ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki. Yaelekea atakasirika. Mwache akasirike, kwa maana amefichwa jambo kwa muda mrefu. Kama unaogopa hasira yake kuliko inavyopasa mke kuogopa, basi usiende peke yako. Tafuta mama mtu mzima wa kanisani mnayemwamini nyote wawili, akae nanyi.

Wengi wetu tunaoandika ukurasa huu tumewahi kuficha jambo kwa nia njema, kwa ndugu, kwa ada, kwa dawa ya mama. Tunajua jinsi linavyoamka nawe usiku. Kikinga kitayalinda meno yako wakati huo unapotafuta nafasi ya kusema.

Tuandikie tena baada ya kuzungumza naye, nasi tutaendelea kukuombea wewe na nyumba yako. Bwana awabariki nyote.