Uko na C+ na Unadai Medicine ya UoN? Soma Hii Kabla Ujaze Fomu ya KUCCPS

Wacha tuongee ukweli, msee wangu. KCSE imetoka, uko na C+ ama B minus, na tangu ukiwa mtoi umekuwa ukiambia base nzima utakuwa daktari. Mathe ashatangaza kanisani. Sasa ndoto na gredi haziskizani.

Kwanza, usijiite failure. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa karibu 960,000, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Hiyo ni kama robo tu. Kwa hivyo umewapita wengi. Noma ni kwamba wale 1,693 wa A plain, na jeshi la A minus nyuma yao, wengi wanabisha mlango ule ule unaobisha wewe.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. C+ ni tiketi ya kuingia stage, si kiti ndani ya mathree. Ile cut-off unaona kwa portal si passmark ambayo mtu ameamua ofisini. Ni pointi za mtu wa mwisho kupata nafasi mwaka uliopita. Wakiomba wengi wakali, inapanda. Ndio maana kozi moja inaweza kuwa na cut-off tofauti kwa vyuo viwili.

Halafu angalia pointi za cluster, si mean grade peke yake. Cluster inabeba masomo manne yanayohusu kozi yako. Wawili wenye B minus sare wanaweza kuachana mbali, juu mmoja alipiga Bio na Chem vizuri na mwingine alibebwa na CRE na Business.

Labda buda atasema, "Si tulipe tu parallel?" Mzee anakumbuka enzi zake. Mwaka wa 2016 A plain zilianguka kutoka 2,685 hadi 141, na waliopata C+ kwenda juu wakawa chini ya 90,000. Serikali ikawa na nafasi za kutosha kuwachukua wote, na parallel ikakosa watu. Ule mlango wa nyuma haujawahi kurudi vile ulikuwa. Na hata kwa parallel, Medicine haikuwa ya kila mtu mwenye doh.

Kwa hiyo pengo, wakora wamejaa. Kuna msee atakuinbox akisema ana "mtu ndani" na anataka kitu kidogo ya kushika slot. Manze, usitume hata soo. Placement inafanywa na system kwa pointi. Ukituma, mathe atakuwa ameuza ng'ombe na wewe bado uko nyumbani.

Sasa ufanye nini? Weka ndoto yako kwa chaguo moja kama haiko mbali na cut-off. Zingine zijaze na kozi unaweza kuingia kweli, na unaweza kusoma bila kulia. Ukikosa, ngoja revision ifunguliwe uchague tena. Usitegemee transfer ikuokoe, juu hata hapo lazima ufikishe cut-off ya ile kozi unataka.

Na kama moyo umekwama hosi, Diploma ya Clinical Medicine pale KMTC inaanzia C plain, ukiwa na masomo yanayotakikana. Ni miaka 3, kisha kuna vyuo vitakupokea kwa digrii ya Clinical Medicine. Hautaitwa MBChB, lakini ukienda dispensari nyingi za mashinani, anayekutibu ni clinical officer.

Jirani ataongea, atachoka. Lakini ukijaza ndoto tupu kwa kila chaguo ndio umfurahishe, wewe ndiye utabaki keja September wenzako wakienda campo.