MAJIBU KWA WASOMAJI: Ruhusa ya Mwindaji Aliyeumia

Mwezi huu tumepokea barua ndefu kutoka kwa kijana wetu mmoja akaaye pamoja na wazee wake katika jimbo la Colorado, nchini Marekani. Mambo aliyoyauliza huenda hayajawafika wengi wa wasomaji wetu. Lakini tulipoyatazama vema tuliona kuwa ndani yake mna jambo liihusulo kila nyumba ya Kiislamu yenye mgonjwa, mzee au kiwete. Kwa hiyo tumeonelea kumjibu hapa, wasome wote.

Kijana asema kwamba baba yake alikuwa akienda mwituni kwa upinde kila mwaka, msimu wa mwezi wa Septemba, akirudi na kulungu, na nyama ile ikawafaa nyumbani mpaka baridi ikapita. Tena walikula pasipo shaka, kwani ni mkono wake uliopiga na ulimi wake uliotaja jina la Mwenyezi Mungu. Mwaka jana bega lake la kulia liliumia kazini, na daktari akamwambia kuwa nguvu zake hazitarudi kama zamani. Serikali ya jimbo humpa mtu kama huyu ruhusa makhsusi ya kutumia upinde wa namna nyingine. Mzee ameikataa, akisema: "Mimi sijawa kiwete wa kuandikwa na serikali." Na hapo rafiki mmoja akamshawishi kijana: baba na aitake ruhusa hiyo, kisha wewe mwenye mabega mazima uende na upinde kwa jina lake. Basi kijana atuuliza mambo matatu. Je, kuipokea ruhusa ni aibu? Je, yeye aweza kuitumia badala ya babake? Na mnyama aliyepigwa kwa upinde huo ni halali?

Kwanza yafaa tueleze upinde wenyewe. Upinde wa kawaida huvutwa kwa mkono, na mwindaji hushikilia uzi hali umevutika mpaka mnyama akae mahali pazuri. Katika Colorado upinde wa kuwindia kulungu hauruhusiwi ukiwa na nguvu pungufu ya ratili 35. Mwenye bega zima hauoni mzigo huo. Aliyeumia hawezi hata kuufikisha nusu. Upinde wa pili umelazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Uzi wake ukishavutwa mara moja hukamatwa na kabari, ukakaa hivyo bila ya kushikwa, mpaka mtu abonyeze kifyatulio. Ziko kamba zenye vishikio, na mitambo ya kuzungusha kwa mkono, za kumsaidia asiye na nguvu katika kuuvuta. Sisi tutauita upinde wa kitako.

Si kitu kipya. Katika karne ya 12 mwanachuoni At-Tarsusi alimwandikia Sultani Salahuddin kitabu cha silaha, na pinde za namna hii zimo ndani yake. Na mwaka 1139 baraza la maaskofu lililokutana Roma lilikataza kuutumia katika vita vya Wakristo wao kwa wao, kwa jinsi ulivyoogopwa.

Hata Marekani ya leo pana mabishano juu yake. Wawindaji wengi wa upinde wa mkono husema kuwa msimu wao uliwekwa kwa ajili ya watu waliojifunza kwa taabu, na kwamba upinde wa kitako wakaribia bunduki. Wengine hujibu kuwa mshale wake nao hautumainiwi ila kwa mnyama aliye karibu, na kwamba mwituni pana nafasi ya wote. Kwa muda mrefu majimbo mengi yalichukua njia ya katikati: yaliukataza upinde huo katika msimu wa pinde, ila kwa mtu aliyethibitishwa na daktari kuwa viungo vyake haviwezi upinde wa kawaida. Baadaye majimbo kadhaa yalifungua mlango kwa wote: Pennsylvania mwaka 2009, Wisconsin mwaka 2014, na Minnesota mwaka 2023. Colorado imebaki katika njia ya katikati. Huko upinde wa kitako hutumika katika misimu ya bunduki, lakini katika msimu wa pinde ni kwa mwenye ruhusa ya ulemavu peke yake. Wasomaji walio huko na waangalie sheria ya jimbo lao kila mwaka, kwani hubadilika.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Twasema: hapana aibu katika ruhusa. Dini yetu yenyewe imejengwa juu ya kumwondolea mja asiloliweza. Kurani Tukufu, katika Sura ya Nur, aya ya 61, na Sura ya Fat-h, aya ya 17, imewaondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Nani kati yetu humwona mzee anayesali juu ya kiti akamwambia kuwa sala yake ni pungufu? Msafiri hufupisha sala, asiyepata maji hutayamamu, na wote hao wamo katika utiifu. Na imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mwenyezi Mungu hupenda ruhusa zake zishikwe. Ikiwa Muumba hakuona haya kumwandikia mja udhuru, kwa nini mja aone haya kuandikiwa na daktari?

Hata hivyo hatumlaumu mzee. Mtu aliyekuwa akiwalisha watu wake kwa mkono wake, siku mkono ule ukilegea, moyo humwuma kabla ya bega. Na tumkumbuke Amr bin Al-Jamuh. Alikuwa kiguru, na siku ya Uhud wanawe walitaka kumzuia asitoke, kwa kuwa alikuwa na udhuru. Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa yeye hana wajibu, kisha akawaambia wanawe wamwache. Humu mna mafunzo mawili. Udhuru ni haki ya mwenyewe, wala si pingu ya kumfunga nyumbani. Na watoto wasiwe wepesi wa kumkalisha mzazi ambaye angali ana azma. Ruhusa hii ya upinde haimwambii baba yako kuwa hawezi. Yamwambia kuwa aweza kwa njia nyingine.

Amma swali la pili, jawabu letu ni fupi: haifai. Ruhusa imetolewa kwa bega lililoumia, na bega lako, ewe kijana, halikuumia. Ukienda nayo utakuwa umesema uwongo kwa sheria ya nchi uliyokubali kukaa kwa amani yake, na Mwislamu hutakiwa kutimiza ahadi zake. Tena utawadhulumu walemavu wenzake baba yako. Kila mzima anapoitumia karatasi ya mgonjwa, watu huwatilia shaka wagonjwa wa kweli, na mlango uliofunguliwa kwa ajili yao huanza kufungwa. Rafiki yako amekupa shauri la nyama. Hakukupa shauri la uaminifu.

Swali la tatu: Ndiyo, ni halali kwa masharti yake. Adi bin Hatim alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mawindo ya fimbo ya kurushwa. Akajibiwa kwamba aliyechomwa kwa ncha aliwe, na aliyepigwa kwa ubavu wa fimbo akafa asiliwe, kwani huyo ameuawa kwa kipigo. Mshale wa kitako wenye kichwa cha makali hupenya na kutoboa, basi hukumu yake ni kama ya mshale wowote. Mpigaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Akimkuta mnyama angali hai, amchinje. Akimkuta amefia majini, amwache, kwa kuwa hajui kama ameuawa na maji au na mshale.

Kwa hiyo, kijana wetu, shauri letu ni hili. Usimpelekee baba yako karatasi. Mpelekee maneno ya heshima. Mwambie kuwa nyumba bado yamhitaji katika mwitu, na kwamba wewe hujui nyayo za kulungu kama azijuavyo yeye. Akikubali, mpeleke kwa daktari, aandike kweli tupu. Ikifika Septemba, fuatana naye, umchukulie mzigo wake, na uulize sheria yaruhusu msaada gani mwingine. Lakini jicho na kidole viwe vyake, na jina la Mola litoke kinywani mwake. Na wewe jifunze upinde wa mkono kwa mabega uliyopewa. Shukrani ya kiungo kizima ni kukitumia.

Na ikiwa baba yako atakataa kabisa, mwache na heshima yake, wala usimbughudhi. Huenda mwakani akakuomba mwenyewe umwandikie.

Wallahu aalam.