Mama, ulitia maji gani mu ile losio?

Siku hizi mu Lubumbashi, karibu kila avenyu iko na mama mwenye kutengeneza sabuni na losio ya kupakala ku nyumba. Kazi ile ninaisifu, kwa sababu inalipa minerivali ya batoto. Lakini ukimuuliza ametia nini ndani, atakuambia: karite, asali, moringa, avoka. Maji hayataji. Na mu losio, maji njo mengi kupita vyote.

Maji yetu inatoka wapi? Chini ya muji wetu kuna mawe ya dolomi. Maji ambayo Regideso inavuta kule Kimilolo, na ya foraje nyingi za mu kartiye, inapita mu mawe ile na kubeba kalsiamu na manyeziamu. Angalia birika yako: ule ukoko mweupe njo ushahidi. Kalsiamu ikikutana na sabuni, inashikana na mafuta yake, inakuwa utando wa kijivu wenye kunata ku beseni. Povu inakuwa kidogo, na ngozi inakauka kisha kuoga. Batu banasema sabuni ya mama fulani ni mbaya, kumbe ni maji.

Kwa sabuni, sioni hatari kubwa. Soda kostiki ni kali, vijidudu havina nafasi mule. Tokotesha maji, acha ipoe, chokaa ishuke chini, kisha chuja na kitambaa safi. (Na tafadhali: soda njo inatiwa mu maji, si maji mu soda. Batu bameungua macho.)

Losio ni mambo ingine kabisa. Kutokotesha kunaua vijidudu vya siku ile, lakini metali haitoke. Maji inapungua, metali inabaki. Kisha mutu anaingiza kidole mu chupa, na vijidudu vinakuta maji, asali na avoka: karamu! Kisha siku chache inageuka harufu, ao inapata madoa meusi. Tena ile yenye madoa ni afazali, kwa sababu utaitupa. Ile yenye kuharibika bila kuonekana, tunaipakala batoto wa miezi mitatu.

Wengine banasema: tutatumia maji ya kisima, ni ya asili. Kisima kifupi mu parseli, na choo iko hatua kumi! Sisi tunaojua kolera, tunawezaje kuita ile maji safi?

Maji ya mvua? Ni laini, haina chokaa, sabuni inatoa povu nzuri. Lakini mvua ya kwanza, kisha miezi ya vumbi toka Mei, inaosha mabati yetu na kila kitu kilichoanguka juu yake. Tuko muji wa shaba. Mu mwaka 2009, wachunguzi wa hapa na wa Ubelgiji walitangaza kwamba batu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga bana kobalti nyingi sana mu mikojo. Kobalti inajulikana pia kuleta mzio wa ngozi. Siseme inatoka ku losio. Ninasema haifai kuiongeza.

Maji ya chupa ya kunywa ni safi, lakini madini iko mule mbele. Kwa losio, maji ya kufaa ni maji ya distile, pamoja na konservateri yenye kupimwa vizuri. Inunue ku famasi. Ile ya magaraji, ya batri, hapana: mara nyingi inakaa kando ya aside, mu bidoni zenye kufanana, na zote mbili hazina rangi.

Najua jibu: "Papa, maji ya distile ni bei." Ni kweli. Basi acha losio, tengeneza mafuta magumu: karite, mafuta ya mawese ya kisafi, nta ya nyuki, bila tone la maji. Haiombe konservateri ya vijidudu, inakaa miezi, na mu kiangazi ngozi inaipenda. Lakini mama anayeshika losio, aandike ku chupa maji gani ametia na siku gani ameitengeneza. Mi, kama sioni ile maandishi, sinunuliye mutoto.