Namba 4,294,967,297 katika Somo la Vigawo

Katika madarasa mengi, mwanafunzi akiulizwa kama 91 ni namba tasa hujibu upesi kwamba ni tasa. Akitakiwa kutoa sababu, husema kuwa ni namba witiri, haiishii na 5, wala jumla ya tarakimu zake haigawanyiki kwa 3. Kumbe 91 ni 7 mara 13. Kosa hilo ni letu walimu kabla ya kuwa lake. Tumemkaririsha kanuni tatu kama wimbo, wala hatukumwambia kwamba kanuni zisipopata kigawo, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwa maoni yetu, yafaa mwanafunzi huyo apewe namba kubwa isiyotikiswa na kanuni hizo. Tunaipendekeza 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 huleta kwa njia hiyo 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Akaamini kuwa na zinazofuata ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba hii inayofuata tu, namba yetu, ni 641 mara 6,700,417. Basi aliyekosea kuhusu 91 anaye mwenzake, tena mwenzake mkubwa.

Tulipolijaribu somo hili hapa Mzumbe, tulianza vibaya. Tuliwaacha wanafunzi wagawanye kwa 7, kwa 11, kwa 13, na kuendelea, hata kipindi kikaisha tukiwa hatujavuka 50. Haikuwa ajabu: 641 ni namba tasa ya 116. Kipindi cha pili tulifuata njia ya Euler. Yeye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe. Uthibitisho wa sharti ni mgumu kwa watoto, nasi tuliwaomba walikubali kwa muda. Hatukufurahia kuwaomba hivyo, katika somo lililokusudiwa kuwazoeza kudai sababu.

Mwalimu wa shule ya milimani Uluguru, mwenye ubao na chaki tu, atauliza namba ya tarakimu 10 itagawanywaje bila kikokotoo. Haina haja ya kugawanywa. Fuata mabaki tu. Kipeo cha 16 cha 2 ni 65,536. Kwa 641 hubaki 154. Zidisha 154 kwa 154, upate 23,716. Kwa 641 hubaki 640. Hilo ndilo baki la kipeo cha 32. Ongeza 1, upate 641, basi hakibaki kitu. Mistari mitatu ubaoni imetosha, na hesabu zake ni za darasa la saba.

Wako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Hatubishi kuhusu mtihani. Lakini kugawanya na kutafuta baki ni kazi ya mtihani huo huo, na hapa mwanafunzi huifanya akiwa na shauku ya kujua jibu.

Mwishoni msichana mmoja aliuliza kama 6,700,417 nayo ni tasa, au tumeiamini tu kama Fermat alivyoiamini ile ya kwanza. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na vigawo vilivyo chini ya 641 vilikwisha kukataliwa. Kwa sharti la 64 zilibaki namba saba: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Tuligawa kazi kwa vikundi saba, kila kikundi namba yake. Kila kikundi kilirudi na baki.